Kurudia mtihani ili kusoma sheria: njia aliyopita Marcel Lihau

Wasikilizaji wetu wa Kindu, na ninyi jamaa mliokimbia makwenu mkapokelewa huku Maniema, kila matokeo ya Exetat yanapotoka swali moja linaingia katika nyumba nyingi. Mtoto amepata diploma, lakini kwa asilimia 52 ao 54, na roho yake iko kwenye sheria. Ajiandikishe chuo kikuu hivyo hivyo, ao arudie mtihani mwaka ujao apate asilimia ya juu? Kwa mzazi aliyeacha shamba lake nyuma akikimbia risasi, karo ya mwaka mmoja zaidi si neno dogo.

Tuanzie mbali kidogo. Wakati wa Wabelgiji, Mkongomani aliweza kuwa karani, muuguzi ao padri. Kuwa mwanasheria, hapana. Mahakimu walikuwa wazungu, na masomo ya sheria yalifungwa mbele ya watoto wa nchi. Hata Thomas Kanza, Mkongomani wa kwanza asiye padri kupata digrii ya chuo kikuu, mwaka 1956 kule Leuven, hakusomea sheria. Nchi ikaingia uhuru tarehe 30 Juni 1960 bila mwanasheria wake hata mmoja mwenye digrii. Tufikirie hilo: taifa zima, katiba ya kuandika, mahakama za kuendesha!

Ndipo tunamkuta Marcel Lihau, mtoto wa Bumba, aliyezaliwa 1931. Alisoma seminari, kiisha akaenda Kisantu kwa Wajezuiti, akamaliza masomo ya utawala. Karatasi alikuwa nayo, na kwa siku zile ingempa kazi nzuri ya ofisi. Lakini karatasi ile haikufungua mlango wa sheria. Ili aingie Chuo Kikuu cha Leuven ilimpasa apite kwanza mtihani wa serikali ya Ubelgiji ulioitwa Jury Central, na kule walidai Kilatini na Kigiriki. Padri Willy De Craemer na wenzake wakakaa naye chini, wakamfundisha Kilatini, Kigiriki na Kiflamanki. Akapita, akapokelewa.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame. Lihau hakuanza upya kila kitu alichokwisha kusoma. Alitazama ni nini mlango ule unadai, akaona kinachopungua ni lugha, akafanya kazi juu ya lugha.

Na hata baadaye hakukimbilia cheo. Septemba 1960, angali mwanafunzi, aliwekwa kusimamia Sheria katika baraza la Makamishna Wakuu. Mwingine angesema, nimekwisha fika, digrii ya nini tena? Yeye alirudi kwenye masomo, na mwaka 1963 akapata udaktari wa sheria. Mwaka 1968 alikuwa rais wa kwanza wa Mahakama Kuu ya nchi. Mobutu alimfukuza 1975, kwa sababu alikataa kutekeleza adhabu kali juu ya wanafunzi walioandamana.

Exetat yenyewe ilianza 1967, ili mtoto wa Kindu na wa Kinshasa wapimwe kwa kipimo kimoja. Kupita ni asilimia 50. Zaidi ya hapo kila mlango una desturi yake: vyuo vingine vinatazama asilimia, vingine vinapima kwa mtihani wao wenyewe. Kwa hiyo mzazi, kabla ya kutoa franka, umtume mtoto aulize kwenye sekretariati ya kitivo anachotaka. Kama wanadai asilimia ambayo hana, kurudia kuna maana. Kama wanapima kwa mtihani wao, mimi sioni faida ya kurudia Exetat. Miezi ile aitumie kusoma na kuandika Kifaransa kila siku, maana sheria yetu imeandikwa kwa Kifaransa, na wengi wanaanguka hapo, hata wenye asilimia 65. Mwenye kuona dissertation ilimshinda hahitaji mtu wa kumwambia tatizo liko wapi.

Kuna na wale ambao diploma yao ilibaki katika nyumba iliyochomwa. Wengine wao wanafikiri kurudia mtihani ni njia fupi. Hao hawakukosa alama, walipoteza karatasi, na hayo ni mambo mawili. Matokeo yao yaliandikwa. Waanzie kwenye ofisi ya wakaguzi wa elimu hapa mjini, wakiwa na jina la shule, mwaka wa mtihani na sehemu waliyosoma, na waende na mtu mzima anayeweza kushuhudia.