Kabla Hujamnyoshea Mguu Mpiga Kiwi

Wanangu, leo tuongee kiwi. Si ndege, wala si tunda. Ile ya kopo, ya viatu.

Jina lenyewe ni la biashara. Mskoti William Ramsay alianza kuiuza Melbourne, Australia, mwaka 1906, akaiita kwa ndege wa New Zealand, kwao mkewe. Leo hata kopo liwe la kampuni gani, sisi twasema kiwi tu.

Lakini hapa Mji wa Kale, historia ya kiatu ni ndefu kuliko hilo kopo. Pwani yetu kiatu kilikuwa alama ya uungwana. Muungwana alivaa makubadhi, mtumwa akatembea pekupeku. Sheria ya kufuta utumwa pwani ya Kenya ilikuja 1907, mwaka mmoja tu baada ya kiwi. Hebu fikiria mtu aliyetoka utumwani ananunua viatu vyake vya kwanza. Hayo si mapambo, ni tangazo: mimi pia ni mtu.

Makubadhi hayana haja na mpiga kiwi. Ukipangusa vumbi, basi. Kiatu cheusi cha kamba kilikuja na serikali ya mkoloni: ofisi za Treasury Square, mahakama ya 1902, na Fort Jesus, ambayo Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. Na hapa ndo huniuma. Viatu vya wakubwa viling'arishwa na watumishi wa nyumbani, wakiitwa "boi" hata wakiwa na wajukuu. Jeshi la KAR, lililoundwa 1902, lilikuwa na maafisa wa buti zinazong'aa, huku askari Waafrika kwa miaka mingi wakipiga gwaride miguu mitupu. Yaani mtu asiye na kiatu akang'arisha cha mwenzake.

Baadaye Bata wa Limuru akatuvisha wengi, shule zikadai viatu vyeusi, na kiwi ikawa yetu sote.

Ila tazama tunavyokaa hadi leo: mteja juu kwenye kiti, fundi chini. Wengine hata salamu hawatoi. Wanyoosha mguu, macho kwenye simu, kisha wanabishania shilingi kumi. Fundi amepangusa, amepaka, amepiga brashi, amemalizia na kitambaa mpaka wajiona.

Kazi si utumwa. Anayeigeuza kuwa utumwa ni wewe usiyesema "habari ya asubuhi".