Harufu ya Kitunguu Saumu Bandarini Bari

Shangazi yangu alipoanzishiwa tibakemikali, nilitafuta jina la dawa yake kwenye simu ili nijue madhara yake. Siklofosfamidi. Nilijikuta nikisoma habari za vita. Dawa ile ni ya ukoo mmoja na gesi ya haradali, na katika historia yake kuna jina la mji linalorudi tena na tena: Bari, bandari ya kusini mashariki mwa Italia.

Waingereza waliingia Bari Septemba 1943, na bandari ikageuka mlango wa kuingizia mizigo ya majeshi ya Uingereza na Marekani. Jioni ya Desemba 2 meli zilikuwa zimebanana na taa zimewashwa ili kazi ya kupakua isisimame. Ndege za Ujerumani zaidi ya 100 zikashambulia. Shambulio halikuchukua hata nusu saa, lakini meli zaidi ya 15 zilizama.

Moja kati yake ilikuwa John Harvey ya Marekani. Ilibeba kwa siri mabomu 2,000 ya gesi ya haradali, akiba ya kulipiza kisasi endapo Wajerumani wangetangulia kutumia gesi. Ililipuka, na waliokuwa ndani wakafa pamoja na siri yao. Haradali ikachanganyika na mafuta yaliyotanda majini, na mabaharia wakaogelea humo.

Hospitali hazikuambiwa kitu. Madaktari waliona watu waliolowa mafuta na kutetemeka, wakadhani ni mshtuko na baridi. Wengi walifunikwa mablanketi wakiwa na nguo zilezile, sumu ikaendelea kupenya ngozi usiku kucha. Kulikuwa na harufu kama ya kitunguu saumu. Asubuhi macho yalikuwa yamevimba na ngozi imejaa malengelenge. Kuvuliwa nguo na kuogeshwa mapema kungewaokoa baadhi yao.

Daktari wa jeshi la Marekani, Stewart Alexander, alitumwa kutoka Algiers kuchunguza. Alichora mahali kila meli ilipokuwa imetia nanga, akalinganisha na meli walikotoka wagonjwa. Vifo vilizidi karibu na John Harvey. Wapigambizi wakaleta kipande cha ganda la bomu kutoka chini ya bandari. Eisenhower aliikubali ripoti yake. Churchill aliikataa, na kumbukumbu za Waingereza zikaandika kwamba ni majeraha ya moto yaliyotokana na shambulio la adui. Wagonjwa wa haradali walioorodheshwa hospitalini walikuwa 628, na 83 kati yao walikufa. Raia wa mji, waliopumua moshi uleule, hakuna aliyewahesabu sawasawa.

Alexander aliona jambo lingine: seli nyeupe za damu za wagonjwa zilikuwa zimeporomoka. Hapo ndipo simulizi nyingi hupenda kumalizia, kwamba maafa ya Bari yalizaa tiba ya saratani. Inafariji, lakini si sahihi sana. Katika Chuo Kikuu cha Yale, Louis Goodman na Alfred Gilman walikuwa wameshamjaribia mgonjwa wa uvimbe wa tezi dawa ya jamii hiyo mwaka 1942, nayo ikafanywa siri hadi 1946. Bari iliongeza ushahidi na msukumo, haikuwa chanzo.

Nimelishikilia jambo hili kwa sababu najua hadithi ile inafanya kazi gani. Inatusaidia kusema kwamba hawakufa bure, kisha tunaacha kuuliza kwa nini walikufa. Baadhi yao hawakuuawa na bomu la Mjerumani peke yake. Waliuawa pia na ukimya wa upande wao wenyewe.

Shangazi anaendelea vizuri, na dawa ile naishukuru. Kabla ya kila dripu, muuguzi humtajia jina lake na kumweleza itakavyomfanya mwilini. Mabaharia wa Bari hawakuambiwa hata hilo.