Mwiko Mkononi, Mwiko Mdomoni

Keki ya nyumbani mjini Korogwe, mkoani Tanga, bado hupikwa kwa nguvu za mkono. Robo kilo ya Blue Band na robo ya sukari huingia kwenye bakuli, kisha mwiko unaanza kazi: unazungushwa upande mmoja tu, bila kurudi nyuma, mpaka chembe za sukari zipotee na mchanganyiko uwe mweupe kama tui. Mayai yanafuata, moja baada ya jingine. Unga wa ngano, robo kilo nyingine, unachekechwa juu yake pamoja na iliki. Pembeni jiko la mkaa limeshika, juu yake sufuria kubwa yenye mchanga ulioanza kupata moto, na mfuniko unasubiri kupaliwa makaa. Kazi hii huchukua saa nzima na zaidi, na muda wote huo kidole cha mpishi kiko inchi moja kutoka ukingo wa bakuli.

Sasa tuseme mpishi huyo alikwenda kliniki wiki iliyopita na akaambiwa apunguze mwili. Keki ni ya mwanawe anayetimiza miaka mitano, haikwepeki. Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili alivyonavyo jikoni saa hiyo: kijiko kikubwa anachokorogea, na katazo alilojiwekea. Vyote viwili ni mwiko.

Ni rahisi kudhani kwamba kujizuia mbele ya kitamu kumeletwa na dayati, na dayati imeletwa na mjini. Lakini wanawake wa Korogwe na wilaya jirani ya Handeni wamepika vyakula wasivyovila kwa muda mrefu kuliko umri wa keki yenyewe katika nchi hii. Kilichobadilika ni nani anayeweka katazo.

Kwa karne nzima ya 19 na sehemu kubwa ya ile iliyofuata, katazo liliwekwa na mvua. Handeni ni nchi ya mvua za kubahatisha. Katika miaka ya 1830 njaa iliwashusha Wazigua wengi, wenyeji wa nchi hiyo, hadi pwani, na baadhi yao wakaishia kwenye majahazi yaliyowapeleka kuuzwa Somalia. Wajukuu wa wajukuu zao kando ya mto Juba waliendelea kusema Kizigua, na vita vilipoisambaratisha Somalia kuanzia mwaka 1991, sehemu yao walirudi kama wakimbizi. Wengine walipewa makazi Chogo, ndani ya wilaya ileile ya Handeni walikotoka mababu zao, na baadaye wakapewa uraia. Njaa nyingine zilifuata: ya nzige na ukame katikati ya miaka ya 1890, ya mwishoni mwa muongo huohuo, ya Vita Kuu ya Kwanza, na ya 1932 hadi 1935 nzige waliporudi.

Katika nyumba zilizopitia njaa hizo jaribu halikuwa kitamu, lilikuwa mbegu. Mahindi ya kupandia yalitundikwa juu ya meko, moshi uyalinde na wadudu. Mama alipika chini yake kila siku, watoto wakilia, na mikono yake haikupanda juu. Aliyezila mbegu zake hakuwa na shamba mwaka uliofuata. Ukilinganisha na hilo, bakuli la keki ni mtihani wa darasa la kwanza.

Utamu wenyewe ulikuwa karibu na mbali kwa wakati mmoja. Mto unaopita Korogwe huteremka hadi Pangani, na huko, katika nusu ya pili ya karne ya 19, wenye mashamba walilima miwa na kuchemsha sukari kwa kazi ya watumwa, wengi wao watu wa bara waliokamatwa au waliowekwa rehani na jamaa zao wakati wa njaa. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani na kunyongwa Pangani Desemba 1889, alikuwa mmoja wa wenye mashamba ya miwa. Mzigua angeweza kuikata miwa hiyo maisha yake yote na sukari yenyewe ikapanda chombo kwenda Uarabuni. Nyumbani kwao tamu ilikuwa asali ya mizinga ya msituni, na hata hiyo ilikuja na onyo lake la zamani: mchovya asali hachovyi mara moja. Hakuna mtaalamu wa lishe aliyeeleza tatizo la mpika keki kwa maneno machache zaidi.

Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902. Mwaka huohuo wa 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge kutoka Florida. Kati ya miche 1,000 ikapona 62, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani. Kutokana na hiyo michache, bonde lote la Korogwe likageuka mistari ya kijani: Magunga, Ngombezi, Hale, Mnyuzi. Manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliletwa kutoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji, na kuanzia mwaka 1944 waajiri walikuwa na shirika lao la kuwakusanya, SILABU. Walikula posho: kipimo cha unga, kipimo cha maharage, chumvi. Maduka ya Wahindi karibu na stesheni yaliuza sukari na unga wa ngano, na mwenye fedha taslimu alivipata. Hivyo ndivyo vitu viwili vya keki vilivyoingia mji huu, kwa treni, vikikaa juu ya rafu vikitazamwa.

Lakini keki ya siku ya kuzaliwa inahitaji kitu cha tatu, nacho ni tarehe.

Wazee wengi wa Handeni walizaliwa "mwaka wa nzige" au "mwaka ule wa njaa". Sheria ya usajili wa vizazi na vifo ilitungwa mwaka 1920 chini ya Waingereza, lakini kwa miongo mingi haikumbana Mwafrika wa kijijini. Hata mwaka 2010, utafiti wa kitaifa wa afya ulikuta watoto 16 tu kati ya 100 wa chini ya miaka mitano wamesajiliwa. Mtoto alikuwa na sherehe zake, bila shaka: kutolewa nje siku ya arobaini, jando, unyago. Hizo zilihesabu hatua, hazikuhesabu miaka. Siku ya kuzaliwa iliyopikiwa pilau na vitamu kila mwaka ilikuwa ya Mtume, katika Maulidi, na kwa waumini wa misheni za Waanglikana kama Korogwe na Kideleko ilikuwa ya Yesu. Kwamba mtoto wa kawaida naye awashiwe mshumaa kwa sababu tu kalenda imerudi palepale, lingewashangaza bibi zetu. Aliyeleta mabadiliko zaidi ya yeyote pengine ni muuguzi: kadi ya kliniki, yenye tarehe iliyoandikwa kwa peni juu yake, ndiyo cheti cha kuzaliwa cha nyumba nyingi.

Na upishi wenyewe ulikuwa unasubiri. Pwani yote ya Tanga inajua mkate wa mayai: mayai yanapigwa mpaka yaumuke, sukari, unga, iliki, kisha moto juu na moto chini. Aliyeweza huo hakuwa na la kujifunza katika keki isipokuwa siagi. Tena mkate wa mayai, visheti na vileja hupikwa kwa wingi hasa siku za mwisho za Ramadhani, kwa ajili ya Idi. Yaani hupikwa mchana, na mwanamke aliyefunga.

Hapa ndipo penye kiini cha habari hii. Kila mwaka, mwezi mzima, mamia ya maelfu ya wanawake wa mkoa huu hukaa mbele ya sufuria tangu alasiri, wakipika uji wa pilipili manga, tambi za sukari, muhogo wa nazi, bila tone kupita kooni. Elimu yao haiandikwi vitabuni, ila ina kanuni. Fikihi inamruhusu mpishi mwenye haja kuonja kwa ncha ya ulimi, mradi ateme na asimeze. Sukari na chumvi hupimwa kwa kiganja kilichozoea, si kwa kuonja mara kumi. Asiyefunga, mara nyingi mtoto, huitwa kuwa ulimi wa nyumba. Vyombo huoshwa papo hapo. Mama aliyefunga Ramadhani 30 na akashindwa na bakuli la keki mwezi wa Julai hakukosa uwezo. Alikosa nia iliyotamkwa, adhana ya kungojea, na mtaa mzima unaofanya hivyohivyo. Dayati humwacha mtu peke yake na mwiko wake, na huo ndio ugumu wake mkubwa. Wakristo wa Korogwe wenye kushika Kwaresima watalielewa jambo hili bila kuelezwa.

Kisha ikaja zamu ya serikali kuweka katazo. Miaka ya mwisho ya 1970, baada ya vita vya Kagera, na mwanzo wa 1980, sukari ilipotea madukani. Ilipofika kwenye duka la ushirika, foleni ilianza alfajiri na mgao ulipitia kwa balozi wa nyumba kumi. Unga wa msaada ulikuwa wa mahindi ya njano, watu wakauita Yanga, kama klabu ya mpira, kwa rangi yake. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi, na kukutwa na magunia ya sukari ghalani kukawa kesi. Mwenye harusi au msiba alikwenda kuomba kibali cha kilo kadhaa. Kupika keki ya mtoto katika hali hiyo kungekuwa ni kujitangaza. Waliokuwa watoto wakati huo ndio leo bibi wanaomwongezea mjukuu kipande cha pili na kumtazama anavyokula. Anayewalaumu hajawahi kunywa chai ya chumvi.

Ali Hassan Mwinyi alipoingia Ikulu mwaka 1985 biashara ilifunguliwa, na polepole rafu zikajaa. Uhaba hurudi kwa vipindi, kama mwaka 2016 na mapema 2024 bei ya sukari iliporuka, lakini kwa ujumla katazo la nje limeondoka. Miili imelipa. Katika miaka ya 1980 timu ya Profesa Donald McLarty iliwapima watu zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, ikakuta wenye kisukari hawafiki mmoja kati ya 100. Utafiti wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta sukari ya damu iliyozidi kwa watu 9 kati ya 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Tafiti hizi hazikufanana, moja ni ya vijijini na nyingine ya nchi nzima, kwa hiyo mtu asizipange kama ngazi mbili za jengo moja. Hata hivyo zinatosha kueleza kwa nini muuguzi wa leo, aliyerithi mizani iliyowekwa kuwatafuta watoto waliokonda, anampandisha mama juu yake.

Tukirudi jikoni, hatari kubwa kwa mama huyo haiko kwenye bakuli. Bakuli lina wenyewe: watoto wamekwisha kuligombania, na kulamba mwiko ni haki yao. Hatari iko sebuleni. Sherehe ya Kitanzania ina desturi ya kulishana keki. Mtoto hukata, huchoma kipande kwa kijiti, na humlisha kwanza mama yake, mbele ya mashangazi, majirani na simu zilizoinuliwa. Hakuna namna ya heshima ya kukataa mkono wa mwanao. Hufuata baba, kisha bibi, halafu mama huitwa tena kulishwa na shemeji, na mwenye dayati akikaza midomo ataulizwa kama ana kisirani. Desturi hiyo ina wajibu mzito kuliko utamu wowote, na wanaotoa ushauri wa lishe hawaigusi.

Baadaye mtoto atamwagiwa maji, kama ilivyo ada. Handeni hata hilo lina historia yake. Wilaya imeishi na kiu, na mradi mkubwa wa maji uliojengwa tangu miaka ya 1970 huyavuta kutoka mto Pangani, upande wa Korogwe, kupitia bomba refu lenye kuharibika mara kwa mara. Ndoo ya kummwagia mtoto inaweza kuwa imenunuliwa. Mto uleule uliowahi kuteremka kwenye mashamba ya sukari sasa unapandishwa kilimani kuja kumlowesha mtoto wa miaka mitano.

Hesabu ya keki yenyewe ni fupi. Robo kilo ya sukari ni gramu 250. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, takriban gramu 50 kwa mtu mzima, na linasema ni bora zaidi ikiwa nusu ya hapo. Keki ya robo ikikatwa vipande 10, kila kimoja kina gramu 25, bila kuhesabu krimu ya juu. Ikikatwa vipande 25, ni gramu 10, na mama aliyelishwa mara mbili bado yuko salama. Katika mitaa mingi ya Korogwe na ya Chanika, mjini Handeni, vipande huwa vidogo hata kuliko hivyo, kwa sababu watoto wa jirani wote huja, walioalikwa na wasioalikwa.