Majina ya Theluji katika Milima ya Afrika Mashariki

Katika historia ya Afrika Mashariki, theluji iliingia katika maarifa ya watu kwa njia mbili zilizokuwa mbalimbali kwa muda mrefu, yaani njia ya bahari iliyoleta neno bila kitu chenyewe, na njia ya milima ambako kitu chenyewe kilikuwapo na kilikwisha kupewa majina na wenyeji wake. Wakazi wa mwambao, ambao wengi wao hawakupata kuona hata chembe moja ya theluji maishani mwao, walilisikia jina lake katika ibada, kwa kuwa mojawapo ya dua za kufungulia Sala, iliyopokewa katika Hadithi za Bukhari na Muslim, humwomba Mwenyezi Mungu amsafishe mja na makosa yake kwa maji, theluji na mvua ya mawe. Kutokana na neno thalj la Kiarabu, Kiswahili kilipata theluji, yaani maji yaliyoganda angani na kuanguka yakiwa vipande vyepesi vyeupe. Neno la pili, barafu, asili yake ni barf ya Kiajemi, ambayo katika lugha hiyo ni theluji yenyewe, lakini katika Kiswahili lilitengewa maji yaliyoganda yakawa magumu, na kwa mgawanyo huo lugha ikajipatia upambanuzi ambao haukuwamo katika neno la awali.

Huko bara hali ilikuwa kinyume. Kilimanjaro, Kirinyaga (yaani Mlima Kenya) na Rwenzori ndiyo milima pekee ya Afrika iliyobakiza barafu ya kudumu hadi nyakati zetu, na yote mitatu imesimama karibu na Ikweta au juu yake. Sababu ya jambo hilo ni urefu wa milima yenyewe, kwani joto la hewa hupungua kwa takribani nyuzi sita na nusu za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda, hivyo Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, huwa na wastani wa joto ulio chini ya sifuri hata pale mwambao wa Mombasa na Tanga unapokuwa na joto la kuchosha. Jamii zilizoishi chini ya milima hiyo ziliitazama theluji kila siku mawingu yalipofunguka, zikanywa maji yatokayo huko, na baadhi ya watu wao walipanda hadi kuigusa.

Johannes Rebmann, mmisionari wa Kijerumani aliyekuwa akitumikia chama cha kimisionari cha Kiingereza kituoni Rabai, alisafiri kuelekea Uchagani mwaka 1848 akiongozwa na Bwana Kheri, mkuu wa msafara aliyezijua njia za nchi hiyo kwa biashara. Tarehe 11 Mei mwaka huo Rebmann aliona juu ya Kilimanjaro weupe alioudhania kwanza kuwa wingu, na alipomuuliza kiongozi wake ni kitu gani kile, alijibiwa kwa neno moja tu, kwamba ni baridi. Jibu hilo limechukuliwa na waandishi kadhaa kuwa dalili ya kutojua, lakini inafaa kulisoma kwa haki zaidi, kwa sababu mtu wa mwambao ambaye hakupata kukigusa kitu hicho alikitaja kwa sifa yake iliyo kuu, ambayo huenda aliipata kwa Wachaga wenyewe, na sifa hiyo ilikuwa sahihi. Katika safari zake za baadaye Rebmann aliandika kwamba Wachaga waliiita theluji hiyo kibo, jina ambalo sasa ni la kilele, ingawa wako wanaolihusisha na neno la Kichaga lenye maana ya madoadoa, kwa jinsi mawe meusi yanavyojitokeza katikati ya weupe.

Rebmann alipokea pia habari ya Mangi Rengua wa Machame, mangi likiwa ndilo jina la cheo cha mtawala wa Kichaga, ambaye katika kizazi kilichotangulia alituma kundi la watu wapande mlima wakachunguze weupe ule, ambao baadhi ya watu walidhani huenda ukawa fedha. Katika kundi zima, kwa mujibu wa habari hiyo, alirudi mtu mmoja tu aitwaye Sabaya, mikono na miguu yake ikiwa imeharibika kabisa. Wasimulizi waliona humo kazi ya pepo wa mlimani, ilhali elimu ya tiba ya leo ingetambua mara moja madhara ya baridi kali, ambayo huzuia damu kufika katika vidole hata nyama ikafa. Hata hivyo, maelezo ya pepo hayaifuti maana ya tendo lenyewe. Mtawala wa Kiafrika aliandaa uchunguzi wa theluji ya Kilimanjaro kabla Mzungu yeyote hajauona mlima huo, na uchunguzi huo ulipata matokeo ya kweli, kwamba kitu kile hakikuwa madini na kwamba baridi yake ilikuwa ya kuua.

Habari za Rebmann zilipochapishwa Uingereza mwaka 1849, zilipingwa vikali na William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia wa London ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, na ambaye alijenga ramani yake ya bara kwa kulinganisha vitabu vya Wareno na Waarabu pamoja na masimulizi ya watu aliowahoji, akiwamo Khamis bin Uthman, mfanyabiashara Mswahili aliyefika London katika miaka ya 1830. Cooley alishikilia katika kitabu alichokitoa mwaka 1852 kwamba theluji ya Kilimanjaro ilikuwa njozi ya mmisionari. Upinzani huo haukuweza kutetewa kwa hoja ya ukaribu wa Ikweta peke yake, maana Alexander von Humboldt alikuwa amepanda mlima Chimborazo wa Amerika ya Kusini, wenye theluji na ulio karibu na Ikweta, tangu mwaka 1802, na habari zake zilijulikana kote Ulaya. Kilichokataliwa ni ushahidi wa watu waliokuwa mahali penyewe, wenyeji na mgeni wao pamoja, na ni vigumu kuisamehe dharau hiyo kwa msomi aliyetegemea maneno ya Waafrika pale yalipomfaa. Ubishi ulidhoofika baada ya Baron Karl Klaus von der Decken kuuchunguza mlima mwaka 1861, na hasa mwaka uliofuata, alipopanda akiwa na Otto Kersten hadi zaidi ya mita 4,000 na kunyeshewa na theluji.

Ushahidi ulio bora kuliko wote, hata hivyo, haukutoka Kilimanjaro. Mmisionari mwenzake Rebmann, Johann Ludwig Krapf, alikwenda Ukambani mwishoni mwa mwaka 1849 akawa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa pembe za ndovu ambaye misafara yake ilifika mwambao, na tarehe 3 Desemba aliuona kutoka Kitui mlima wenye vilele viwili vyeupe. Wakamba waliuita Kiinyaa, matamshi ambayo ndiyo yaliyozaa jina la Kenya, na Wakikuyu waliuita Kirinyaga, jina linaloelezwa na wengi kuwa na maana ya mahali penye mng'aro, huku wengine wakilifungamanisha na mbuni dume, ambaye manyoya yake meusi yana ncha nyeupe. Wamasai nao waliuita mlima wa mabaka, kama walivyoiita Kilimanjaro Oldoinyo Oibor, yaani mlima mweupe. Huko Ukambani Krapf alizungumza na mtu wa Embu aitwaye Rumu wa Kikandi, aliyemweleza kwamba amefika mlimani mara nyingi lakini hakupanda juu sana kwa sababu kuna kirira, kitu cheupe kinacholeta baridi kubwa, na kwamba kitu hicho hutoa maji daima, nayo maji hushuka na kuwa ziwa ambamo chimbuko la mto Tana limo. Katika maelezo hayo mafupi mna jina la kitu, rangi yake, baridi yake, kuyeyuka kwake na uhusiano wake na mto mkubwa wa nchi, na ziwa likiachwa kando, hakuna mwanasayansi wa leo ambaye angekuwa na kubwa la kusahihisha. Wasomi wa Ulaya waliendelea kuitilia shaka habari ya Krapf hadi Joseph Thomson alipoithibitisha mwaka 1883.

Baada ya kukubali kwamba theluji ipo, wageni walianza kuigawa kwa majina yao. Hans Meyer, aliyefika kileleni mwa Kibo pamoja na Ludwig Purtscheller tarehe 6 Oktoba 1889, alikiita kilele hicho kwa jina la mfalme wa Ujerumani, na mito ya barafu ya mlima huo, yaani matandiko mazito ya barafu yanayoteremka polepole kwa uzito wake yenyewe, ikapewa majina ya wasafiri na wataalamu kama Rebmann, Kersten, Ratzel na Penck. Katika Mlima Kenya, John Walter Gregory mwaka 1893 aliita mto mmoja wa barafu Lewis na mwingine Tyndall, kwa kuwaenzi mwanajiolojia na mwanafizikia wenye majina hayo. Miaka sita baadaye Halford Mackinder aliyekifikia kilele kikuu alivipa vilele majina ya viongozi wa kiroho wa Wamasai, Batian, Nelion na Lenana, jambo ambalo ni la heshima kwa Wamasai lakini liliwapita Wakikuyu, Waembu na Wameru waliokuwa wakielekeza sala zao huko. Kilele cha Kibo kilipata jina la Uhuru usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na mwenge wa Tanganyika.

Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, hufunikwa na mawingu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na ndiyo maana Henry Morton Stanley aliyepita karibu nayo zaidi ya mara moja hakuitambua hadi tarehe 24 Mei 1888, kijana mmoja wa msafara wake alipomwonyesha mlima aliosema umejaa chumvi. Dyuki wa Abruzzi kutoka Italia aliyepanda vilele vyake mwaka 1906 aliviita Margherita na Alexandra kwa majina ya malkia, na milima ya safu hiyo ikaitwa Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Lakini Wakonzo wanaoishi mitelemkoni walikuwa na neno nzururu, yaani theluji, na katika imani yao theluji hiyo ni baba wa Kitasamba, roho mkuu wa mlima. Jina hilo halikubaki katika imani peke yake, kwa kuwa Wakonzo na Waamba walipodai kujitenga na utawala wa Toro mwanzoni mwa miaka ya 1960 waliita harakati yao Rwenzururu, nchi ya theluji, na mwaka 1963 Isaya Mukirania akatawazwa kuwa mfalme wake. Serikali ya Uganda iliutambua ufalme huo rasmi mwaka 2009, wakati ambapo milima ya Emin, Gessi na Luigi di Savoia ilikuwa imekwisha kupoteza barafu yake yote, na eneo la barafu katika safu nzima, lililokuwa kilomita za mraba zipatazo saba mwaka 1906, lilikuwa limeshuka chini ya kilomita moja ya mraba.