Semantiki ya uthibitisho

Semantiki ya uthibitisho ni mkabala katika mantiki na falsafa ya lugha unaoeleza maana ya maneno ya kimantiki, kama vile "na", "au", "kama ... basi" na "si", kwa kutazama kanuni za kuthibitisha kauli zenye maneno hayo. Jina hili lilienezwa na mwanamantiki Mjerumani Peter Schroeder-Heister, lakini mawazo yenyewe yana mizizi katika kazi za Gerhard Gentzen za miaka ya 1930.

Swali lake kuu ni: kitu gani hufanya hoja iwe halali? Aliyejifunza mantiki kwa majedwali ya ukweli atajibu kwamba hoja ni halali ikiwa haiwezekani kauli tangulizi zote ziwe kweli na hitimisho liwe si kweli. Jibu la namna hiyo lilipewa umbo la kihisabati na Alfred Tarski mwaka 1936. Semantiki ya uthibitisho huanzia upande mwingine: hoja ni halali kwa sababu mwenye uthibitisho wa kauli tangulizi anayo njia ya kupata uthibitisho wa hitimisho. Tofauti inaonekana ndogo, lakini inagusa kanuni ambazo wanahisabati wengi huzitumia kila siku bila kuzihoji.

Mgogoro kuhusu "kuna"

Mwanahisabati Mholanzi L. E. J. Brouwer (1881–1966) alishikilia kwamba hisabati ni kazi ya kuunda vitu akilini, na kwamba hakuna haki ya kusema kitu fulani kipo bila kujua jinsi ya kukiunda. Msimamo wake huitwa uintuisheni. Mwanafunzi wake Arend Heyting aliuandikia kanuni rasmi mwaka 1930, na Mrusi Andrei Kolmogorov alitoa ufafanuzi unaofanana nao mwaka 1932. Kwa ufafanuzi huo, uthibitisho wa "A na B" ni uthibitisho wa A pamoja na uthibitisho wa B. Uthibitisho wa "A au B" ni uthibitisho wa mojawapo, na lazima ijulikane ni ipi. Uthibitisho wa "kama A basi B" ni njia ya kugeuza kila uthibitisho wa A kuwa uthibitisho wa B. Uthibitisho wa "si A" ni njia ya kuonyesha kwamba uthibitisho wowote wa A ungeleta mkinzano.

Kwa hiyo "A au si A" haikubaliki kwa kila A, maana ziko kauli ambazo hadi leo hazijathibitishwa wala kukanushwa. Katika mantiki ya kiklasiki, yaani ile inayofundishwa kwa kawaida, kauli hiyo ni kweli daima.

Mfano ufuatao unaonyesha kinachobishaniwa. Namba wiano ni ile inayoandikika kama sehemu ya namba nzima mbili. √2 si namba wiano. Je, kuna namba a na b zisizo wiano ambapo a ikiwekwa kipeo b inaleta namba wiano? Tazama √2 yenye kipeo √2. Ama ni namba wiano, ama siyo. Kama ni wiano, tumeshapata jibu: a na b zote ni √2. Kama siyo, basi iwe ndiyo a, na b iwe √2. Tukikokotoa tunapata √2 yenye kipeo 2, ambayo ni 2. Kwa vyovyote namba hizo zipo. Ila mwanafunzi akiuliza, "Ni zipi, mwalimu?", uthibitisho huu hauna jibu, kwa sababu umeegemea "A au si A" bila kusema ni upande upi.

Mwanauintuisheni hakatai hitimisho hilo, anakataa njia. Yeye atachukua a = √2, na b iwe logarithimu ya 9 kwa msingi wa 2. Jibu ni 3. Na b si namba wiano, kwani ingekuwa hivyo, 2 yenye kipeo fulani ingelingana na 9 yenye kipeo fulani, yaani namba shufwa ingekuwa sawa na namba witiri.

Hapa pana kosa la mara kwa mara, hata kwa walimu: kudhani kwamba uintuisheni unakataza kila uthibitisho wa kupitia mkinzano. Sivyo. Uthibitisho wa shuleni kwamba √2 si namba wiano unakubalika kabisa, kwa sababu kinachothibitishwa ni ukanusho. Kinachokataliwa ni kutoka "si kwamba si A" hadi A.

Kanuni za Gentzen

Gerhard Gentzen (1909–1945) alichapisha tasnifu yake kuhusu uhitimishaji wa kimantiki mwaka 1934 na 1935. Kila neno la kimantiki alilipa kanuni za aina mbili: za kuliingiza katika hitimisho na za kuliondoa. Kuingiza "na": ukiwa na A na ukiwa na B, andika "A na B". Kuiondoa: ukiwa na "A na B", chukua A, au chukua B. Kuingiza "kama ... basi": dhania A, fikia B, kisha iache dhana hiyo na uandike "kama A basi B". Gentzen aliona kwamba kanuni za kuingiza ni kama fasili za maneno hayo, na zile za kuondoa ni matokeo tu ya fasili hizo.

Mpango huu unaukaa uintuisheni vizuri. Ili kupata mantiki ya kiklasiki, Gentzen alilazimika kuongeza "A au si A" kama kauli ya kuanzia, nje ya jozi za kuingiza na kuondoa. Gentzen alifia gerezani Prague baada ya vita, na wazo lake kuhusu fasili lilikaa miaka mingi kabla ya kuendelezwa.

Tonk na upatanifu

Je, kanuni zozote zile zinaweza kuwa maana ya neno? Mwaka 1960 Arthur Prior, mzaliwa wa New Zealand, aliubeza mkabala huu kwa kubuni neno "tonk". Kanuni ya kuliingiza: kutoka A, andika "A tonk B". Kanuni ya kuliondoa: kutoka "A tonk B", andika B. Sasa kutokana na "mvua inanyesha" tunapata "mvua inanyesha tonk mwezi ni jibini", halafu "mwezi ni jibini". Kila kitu kinathibitika.

Nuel Belnap alijibu mwaka 1962 kwamba neno jipya halipaswi kuwezesha uthibitisho mpya wa kauli zisizo na neno hilo. Michael Dummett wa Oxford (1925–2011) alitumia jina la upatanifu: kuondoa kusitoe zaidi ya kile kilichowekwa wakati wa kuingiza. Msweden Dag Prawitz alikuwa ameonyesha mwaka 1965 kwamba katika mfumo wa Gentzen, kuingiza neno na kuliondoa papo hapo ni mzunguko unaoweza kukatwa. Juu ya msingi huo alijenga fasili ya uhalali: hoja isiyotegemea dhana yoyote ni halali ikiwa inaishia kwa kanuni ya kuingiza na sehemu zake ni halali, au ikiwa inaweza kurahisishwa hadi ikafikia umbo hilo.

Dummett alihitimisha kwamba mantiki ya kiklasiki haina haki ya kanuni ya kufuta ukanusho maradufu, kwa kuwa inatoa zaidi ya ilichopewa. Hoja hii ni nzito, lakini inategemea namna ya kuandika uthibitisho. Katika mfumo mwingine wa Gentzen mwenyewe, ambamo upande wa hitimisho unaweza kubeba kauli kadhaa kwa pamoja, kanuni za kiklasiki zinapatana vizuri; uintuisheni hupatikana kwa kuruhusu kauli isiyozidi moja upande huo. Ian Rumfitt, mwaka 2000, alipitia njia nyingine: maana itolewe na kanuni za kukubali pamoja na kanuni za kukataa, na hapo mantiki ya kiklasiki hupata upatanifu.

Swali la ukamilifu

Prawitz alikisia kwamba kila kanuni iliyo halali kwa fasili yake inathibitika katika mantiki ya kiintuisheni. Thomas Piecha, Schroeder-Heister na Wagner de Campos Sanz walionyesha mwaka 2015 kwamba kwa aina kadhaa za fasili hiyo kisio halisimami. Kanuni inayoleta tatizo ni ya kutoka "kama si A, basi B au C" hadi "ama kama si A basi B, ama kama si A basi C". Inapita kipimo cha uhalali, ilhali mantiki ya kiintuisheni haiithibitishi. Mwaka huohuo Tor Sandqvist alitoa fasili nyingine inayolingana kikamilifu na mantiki ya kiintuisheni, lakini ndani yake "au" hufafanuliwa kwa namna inavyotumika katika kuondoa, si katika kuingiza kama Gentzen alivyopendekeza.