Patanjali, Mganga wa Kihehe na Mshauri Nasaha wa Leo

Katika vijiji vinavyoizunguka Tosamaganga, nje kidogo ya mji wa Iringa, familia iliyopatwa na mgonjwa wa akili huuliza maswali mawili: ana nini, na nani amemfanya hivi? Swali la kwanza humpeleka mgonjwa kwenye tiba. Swali la pili linaweza kumpeleka jirani kaburini. Kwa sababu hiyo naona historia ya swali hili la pili inastahili kutazamwa.

Mwanaanthropolojia wa Marekani, Robert Edgerton, alifanya utafiti miongoni mwa Wahehe mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika makala ya mwaka 1966 aliwalinganisha na Wakamba, Wapokot na Wasebei. Dalili za wazimu zilizotajwa na jamii hizo zilikaribiana. Walichotofautiana ni chanzo. Wahehe, kama Wakamba, waliuhusisha zaidi na uchawi. Mwaka 1971 Edgerton aliandika tena, safari hii juu ya mganga mmoja wa Kihehe, akimpa hadhi ya daktari wa akili. Mganga huyo hakuikana ramli. Hata hivyo, alizitafuta dawa za miti kwa kujaribu na kuangalia matokeo, kama mtafiti.

Sasa tutazame India. Zaidi ya karne 15 zilizopita, Patanjali alikusanya falsafa ya yoga katika kauli fupi zisizofika 200. Kwake, mateso ya nafsi yana mizizi mitano: kutojua, kujikweza kwa nafsi, kushikilia raha, kuchukia maumivu na kung'ang'ania uhai. Tiba yake ni mazoezi ya kudumu yanayokwenda pamoja na kuachilia. Katika orodha hiyo hayumo jirani mwenye jicho baya. Hapo ndipo mshauri nasaha anapoweza kujifunza jambo: kumsaidia mteja ayatazame mawazo yake yanavyoinuka na kutulia, kabla hajamtafuta wa kumlaumu.

Lakini tusiipokee yoga kwa upofu. Mtu aliyeelemewa na madeni, njaa au kipigo cha mume hatibiwi kwa kuambiwa kwamba tatizo limo ndani yake. Mwenye wazimu mkali anahitaji dawa na daktari. Tena uganga wetu, pamoja na makosa yake, ulitambua kwamba mgonjwa ana ndugu, na kwamba ndugu hao ni sehemu ya kupona kwake.

Kwa nini basi Patanjali anasomwa katika vyuo vya dunia, na mganga wa Iringa hasomwi? Kauli za Patanjali ziliandikwa, zikafafanuliwa na kupingwa kwa vizazi. Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alipoanzisha kliniki yake ya kupunguza msongo huko Massachusetts, alichota yoga na tafakuri ya Kibudha kutoka katika hazina iliyokwisha kutunzwa. Mganga wetu aliandikwa na mgeni, katika jarida la ugenini. Mwaka 1974 tulianzisha kitengo cha utafiti wa dawa za asili Muhimbili, na miti ikapata maabara. Mazungumzo ya mganga na mgonjwa wake nayo yanastahili uchunguzi wa namna hiyo.

Nawasihi wanafunzi wa saikolojia na maafisa ustawi wa jamii waanze kazi hiyo: wawasikilize waganga, waandike, wachambue. Yanayoponya tuyafundishe darasani. Ile desturi ya kumtafuta mchawi tuikatae hadharani, bila kuwaonea haya wazee wetu.