Shurta ya Basra: Amani ya Ziyad na Damu ya Bedui



Wako wanaodhani kwamba polisi ni jambo lililoletwa na wakoloni, na kwamba kabla yao Waislamu hawakuwa na chombo cha namna hiyo. Dhana hii si sahihi. Tangu karne ya kwanza ya Hijria miji mikubwa ya Kiislamu ilikuwa na askari wa kulinda usalama wa ndani, nao wakiitwa shurta. Neno hili latokana na mzizi ule ule uliotupa sisi neno "sharti". Al-Asma'i, bingwa wa lugha wa Basra, alieleza kuwa waliitwa hivyo kwa sababu ya alama walizojiwekea ili wajulikane na watu.

Katika makala haya tutatazama jimbo moja, Basra, na mwaka mmoja, mwaka wa 45 Hijria (665 Miladia), ulipoundwa huko mfumo mpya wa ulinzi. Tumeichagua Basra kwa kuwa ndani ya kisa chake mna swali zito la kifiqhi: je, amani ya wengi yahalalisha damu ya mmoja asiye na kosa?

KABLA YA HAPO

Wakati wa Mtume (s.a.w.) hapakuwa na kikosi maalumu cha ulinzi wa mji. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) kwamba Qays bin Saad alikuwa mbele ya Mtume kwa daraja ya mkuu wa shurta mbele ya amiri. Msomaji azingatie kwamba huu ni mfano. Anas aliishi umri mrefu, akakaa Basra, akawaona maamiri na shurta zao. Basi akawafahamisha watu wa zama zake kwa jambo walilolijua.

Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa akizunguka usiku mwenyewe katika mitaa ya Madina. Katika ukhalifa wake pia ndipo gavana wake wa Makka, Nafi bin Abdul-Harith, alipoinunua nyumba ya Safwan bin Umayya ili iwe jela. Sayyidna Ali (r.a.) naye alikuwa na kikosi kule Iraq kilichojulikana kwa jina la shurtatul-khamis, lakini hicho kilikuwa zaidi cha vita na utiifu kuliko cha kulinda masoko na vichochoro.

HALI YA BASRA

Basra ilianzishwa na Utba bin Ghazwan kwa amri ya Sayyidna Umar kuwa kambi ya majeshi. Kambi ikawa mji, na mji ukagawanyika kwa makabila: Tamim, Bakr bin Wail, Abdul-Qays, Azd na watu wa Aliya. Kwa mujibu wa al-Baladhuri, daftari la Basra katika zama za Ziyad lilikuwa na wapiganaji 80,000, na watu wa majumbani mwao 120,000.

Katika mji kama huo ulinzi ulikuwa wa kikabila. Mwizi alikimbilia kwa jamaa zake, nao wakamkinga. Gavana Abdullah bin Amir alikuwa mtu mpole mno. Imepokewa kwamba alipolaumiwa kwa kutokata mikono ya wezi, alijibu kuwa hana uso wa kumtazama mtu aliyemkata mkono baba yake au ndugu yake. Ufisadi ukaenea, ikawa mtu hana amani na mali yake wala nafsi yake. Muawiya bin Abi Sufyan akamuondoa, na baada ya gavana mwingine aliyekaa miezi michache tu, akamleta Ziyad bin Abihi. Huyu alikuwa mtu wa kalamu na hesabu, aliyeijua Basra tangu ujana wake.

HOTUBA NA MWENYE KUIPINGA

Ziyad alipanda mimbari akatoa hotuba mashuhuri iitwayo al-Batra, yaani iliyokatika, kwa kuwa hakuianza kwa kumhimidi Mwenyezi Mungu. Humo alitangaza kwamba atamchukua jamaa kwa kosa la jamaa yake, mzima kwa kosa la mgonjwa, na kwamba atakayekutwa akitembea usiku damu yake itamwagwa.

Al-Tabari amepokea kwamba watu watatu walisema baada yake. Mmoja alimsifu kuwa amepewa hekima. Ziyad akamkatalia, akimwambia kuwa huyo alikuwa Nabii Daud. Al-Ahnaf bin Qays, bwana wa Tamim, alisema kwamba sifa huja baada ya majaribio, Ziyad akamsadiki. Wa tatu, Abu Bilal Mirdas bin Udayya, alisimama akanong'ona kwamba Mwenyezi Mungu amesema kinyume cha maneno hayo, akikusudia aya za Suratun-Najm zinazobainisha kwamba nafsi haibebeshwi dhambi ya nafsi nyingine. Ziyad alimjibu kuwa hataweza kulifikia analolitaka Mirdas na wenzake ila kwa kupita katika damu.

Basi tuzingatie: hoja ya Qur'ani ilisomwa siku ile ile ya kwanza. Aliyeunda kikosi hakuwa na udhuru wa kutoijua.

KIKOSI KILIVYOENDESHWA

Ziyad aliifanya shurta kuwa watu 4,000, akaweka wakuu wawili: Abdullah bin Hisn na al-Jaad bin Qays. Mbali na hao aliweka walinzi 500 waliokaa msikitini bila kuondoka. Alipoambiwa kuwa njia za nje zina majambazi, alisema hatashughulika na chochote nje ya mji mpaka kwanza aushinde mji wenyewe.

Amri ya usiku ilikuwa hivi. Ziyad alichelewesha sala ya Isha mpaka awe wa mwisho kuswali. Kisha humwamuru mtu asome Suratul-Baqara au mfano wake kwa tartili. Akimaliza, husubiri kwa muda wa kumtosha mtu kufika mwisho wa mji. Hapo ndipo mkuu wa shurta hutoka, na kila aliyeonekana huuawa.

Usiku mmoja akaletwa bedui. Ziyad akamuuliza kama hakusikia tangazo. Akaapa kuwa hakusikia. Alikuja na ngamia wake wa maziwa, usiku ukamkuta, akatafuta mahali pa kumweka hadi asubuhi, wala hakujua alilolitangaza amiri. Ziyad akasema kuwa anamwona ni mkweli, lakini katika kuuawa kwake mna maslaha ya umma. Akaamrisha, akakatwa shingo.

Matokeo yalionekana. Wanahistoria wamepokea kwamba kitu kiliweza kuanguka njiani na asikiguse mtu mpaka mwenyewe arudi kukichukua, na mwanamke akalala bila kufunga mlango. Haya hatuyakanushi. Lakini bedui naye alikuwa katika umma ule aliouawa kwa maslaha yake.

MIZANI YA FIQHI

Wako wanaosema kuwa hii ni siyasa, na kwamba mtawala ana nafasi katika maslaha. Tuwajibu kwa kauli ya Imam al-Ghazali (aliyefariki 505 Hijria), mwenye kuyachambua maslaha katika kitabu chake al-Mustasfa. Yeye hakuzungumzia kisa cha Ziyad; alizungumzia makafiri waliojikinga kwa mateka Waislamu vitani. Alisema kuwa kuwapiga huku mateka wakiwamo hakuangaliwi ila kwa masharti matatu: iwe dharura, iwe yakini, na iwe inahusu Waislamu wote.

Tukipima kisa chetu, hapana hata sharti moja. Haikuwa dharura, kwa kuwa bedui angeweza kufungwa hadi asubuhi. Haikuwa yakini, kwani hakuna aliyejua kuwa kumwacha kungeharibu amani. Wala haikuhusu Waislamu wote, bali mji mmoja. Zaidi ya hayo, amiri mwenyewe alikiri kuwa mtu huyu ni mkweli. Basra ilikuwa na kadhi, lakini bedui hakupitishwa kwake. Aliyekamata, aliyehukumu na aliyetekeleza walikuwa mkono mmoja.

Hapo ndipo wanavyuoni waliokuja baadaye walipotia nguvu zao. Abu Yusuf (aliyefariki 182 Hijria), akimwandikia Harun al-Rashid katika Kitabul-Kharaj, alikataza mtu kufungwa kwa sababu tu ametuhumiwa na mwenzake, akakataza kuwapiga watuhumiwa, akataka mahabusu wachunguzwe kila mara, na kila mmoja apewe dirhamu 10 kwa mwezi asije akafa njaa. Al-Mawardi (aliyefariki 450 Hijria) alimpa mkuu wa ulinzi nafasi pana kuliko kadhi katika kuchunguza na kumzuia mtuhumiwa, lakini hata yeye alitenganisha zama mbili: kabla ya kosa kuthibiti na baada yake. Katika kisa cha bedui, zama hizo mbili zilikuwa dakika moja.

MWISHO WA AMANI YA HOFU

Ziyad alifariki mwaka wa 53 Hijria (673 Miladia), na baadaye mwanawe Ubaydullah akashika Basra. Mirdas alifungwa, akatoka, akaasi, akauawa mwaka wa 61. Kisha Khalifa Yazid alipofariki mwaka wa 64 (683 Miladia), utii wa Basra ukavunjika kwa muda mfupi kabisa. Ubaydullah alijificha kwa Masud bin Amr, mkubwa wa Azd, kisha akakimbilia Sham. Azd na Tamim wakashika panga. Jimbo lililotulizwa kwa askari 4,000 likarudi kwenye ukabila baada ya miaka 19 tu.

Kwa hivyo ndugu zetu wanaopewa amana ya kuunda ulinzi wa jimbo au mji, popote walipo, wasiishie kuhesabu milango isiyofungwa usiku. Waulize pia: atakayekamatwa usiku kwa kutojua, atafikishwa kwa nani asubuhi?

Wallahu aalam.